Mama Mkwe Alipoanza Kunisifu

Niliolewa Isiolo katika miaka ya vita vya Shifta, wakati malori yalipotoka mjini kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na saa ya kafyu ikifika kila mtu yuko ndani ya mlango wake. Watu wakisikia hivyo hunionea huruma. Wanadhani niliishi nikiogopa risasi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu moja tu, na hofu hiyo ilikaa kwenye kigoda nje ya jiko langu ikiangalia vitako vya sufuria.

Mama mkwe wangu alishuka kutoka milima ya Meru baada ya mumewe kufariki, akaja kuishi na mwanawe wa kiume wa pekee, ambaye ndiye mume wangu. Mume wangu alikuwa karani wa ofisi ya maji. Visima vya serikali vilikuwa mbali na yeye alikuwa akivifuata na malori ya msafara, wiki baada ya wiki, akituacha wanawake wawili katika nyumba ya vyumba viwili, jiko la nje, na uchaga wa kuanikia vyombo. Shule niliyosoma milimani ilinifundisha kuandika na kuhesabu. Yote yaliyobaki niliyasoma mbele ya uchaga ule.

Kila asubuhi alipita hapo mikono nyuma. Sufuria zilikuwa zimelazwa kifudifudi juani, na yeye alitaka kujiona katika kila moja. Akiona alama ya moshi hakupiga kelele. Aliishusha sufuria, akaiweka miguuni pangu pamoja na konzi ya majivu, akaenda zake. Maharagwe niliyoyachagua aliyatazama kutoka mlangoni, hatua sita kabisa, akasema, "Kuna jiwe hapo kando ya kidole chako." Lilikuwepo. Lilikuwepo kila mara, na mimi nina hasira za karibu, kwa hiyo nililia sana miezi ile, halafu nikasugua.

Macho yake yalijulikana mtaani. Wanawake wenye mimba changa walizunguka njia nyingine ili wasipite mbele yake, maana alikuwa akiwatambua kabla hata waume zao hawajaambiwa. Kwetu jambo hilo lina uzito wake. Mke mchanga hatangazi mimba yake nyumbani. Anangoja mama mkwe aione na aiseme. Akishaisema, ndipo mengine yanafuata: uji wa wimbi, kuondolewa debe la maji kichwani, kupelekwa kliniki. Kabla hajaisema, unaibeba kimya kimya na debe lako, na hata mumeo hathubutu kufungua kinywa.

Lakini macho hayo yalikuwa na shida yao. Kope za juu zilikuwa zimegeuka zikaota kuelekea ndani, zikimkwaruza kila alipopepesa. Hakuuita huo ugonjwa. Jumamosi ya pili baada ya harusi aliniita barazani, akanikabidhi kikoleo kidogo cha chuma ambacho marehemu mumewe alikuwa akikitumia kung'olea ndevu, akalala chali kwenye mkeka, akaweka kichwa chake magotini pangu. "Toa zile zinazonichoma," akasema. "Binti yangu alikuwa akinitoa, sasa ameolewa. Ni zamu yako."

Kumgusa mama mkwe usoni si jambo dogo, na huyu ndiye aliyekuwa akiniweka majivu miguuni. Lakini mkono wangu ulikuwa mwepesi. Niliinua ukope mmoja, jua la asubuhi likiingia vizuri, nikang'oa unywele wa kwanza, nikang'oa wa pili. Hakujikunja hata kidogo. Kila unywele nilimwekea kiganjani, kwa sababu alikataa katakata kope zake zitupwe ovyo. Tulipomaliza alizitia motoni mwenyewe, mmoja mmoja, kisha akafuta machozi kwa pembe ya leso na kusema, "Afadhali."

Neno hilo nililibeba wiki nzima.

Baada ya hapo Jumamosi ikawa siku yetu. Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa alikuwa mkaguzi wa sufuria. Jumamosi asubuhi alikuwa kichwa kizito na chenye joto magotini pangu, kikinisimulia mambo. Alinisimulia jinsi yeye mwenyewe, akiwa mke mchanga, alivyopasua chungu cha mama mkwe wake na kukifukia shambani, na jinsi jembe la mama mkwe huyohuyo lilivyokifukua msimu uliofuata, wanawake wote wa ukoo wakitazama. Alicheka mpaka nikalazimika kuinua kikoleo juu nisije nikamchoma. Nilimpenda siku hizo. Siku nyingine nilimwogopa, Jumamosi nilimpenda.

Mara moja nilimwambia, "Mama, hatungemwona daktari?"

"Wa nini?"

"Wa haya macho."

"Haya si mambo ya macho, ni nywele. Nikimpelekea daktari nywele, malaria nitampelekea kinyozi?"

Tulicheka sote wawili na mimi nikaona nimejibiwa. Kwake mtu wa kwenda hospitali alikuwa ni yule aliyelala hawezi kuinuka, au anayetoka damu. Na nitasema ukweli sasa kwa kuwa nimezeeka: sikusisitiza kwa sababu sikutaka. Daktari angeninyang'anya Jumamosi yangu.

Mvua ndefu za mwaka wa pili zilipokwisha, nikapata mimba, na mambo yakaanza kugeuka nyumbani.

Asubuhi moja nilikuwa nimeunguza maziwa. Nilisuuza sufuria harakaharaka, nikaitupa kwenye uchaga na weusi wake wote, nikakimbilia bomba la maji. Niliporudi mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya uchaga, mikono nyuma. Nikatua debe na kujiandaa kwa majivu.

"Leo sufuria zinang'aa," akasema.

Nilidhani ananicheka. Nilimtazama usoni nikaona hakuna kicheko. Alitabasamu kidogo, akageuka, akaenda kwenye kigoda chake akitanguliza mkono. Nilibaki nimesimama pale mdomo wazi, kisha furaha ikanishika. Hatimaye, nikajiambia. Nimekuwa mke.

Wiki ile alisifu ugali wangu, akasifu ua nililofagia nusu, akasifu vitambaa vya viti ambavyo vilikuwa na doa la chai ninaloliona hadi leo nikifumba macho. Mimi si mtu wa kusifiwa nikabaki na bidii ileile. Nililegea. Majivu yalikaa kwenye ndoo yao bila kuguswa. Maharagwe nilikuwa nikiyapitisha mkono mara moja tu na kuyamimina chunguni. Mume wangu aliporudi safari, akauma jiwe, akashika shavu lake kwa uchungu, na mama yake akamwambia, "Kula. Mke wako anachagua maharagwe kuliko wanawake wote wa mtaa huu." Mume wangu alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaamua tumekula njama dhidi yake, akatafuna kwa upande wa pili.

Nilikuwa na rafiki mmoja, mama wa Kiborana aliyetuletea maziwa kwa kibuyu kutoka upande wa Chechelesi. Maziwa yake yalikuwa yamepungua miaka ile, kwa kuwa mifugo ya watu wake ilikuwa imekusanywa na serikali, lakini mizaha yake haikupungua. Nilimsimulia furaha yangu.

"Mama-mkwe yako anakusifu?" akauliza. "Mwangalie vizuri. Yangu ilinisifu siku moja tu, na kesho yake ikakufa."

Nilicheka. Nikaandika na barua nyumbani kujigamba, kurasa mbili. Jibu la mama yangu lilikuja limeandikwa na mdogo wangu, habari za mvua, habari za mbuzi, na mwishoni: "Mama anasema, mama mkwe akianza kukusifu, mpeleke kwa daktari." Nilimsomea rafiki yangu wa maziwa, naye akacheka mpaka akakalia kibuyu chake. Nilikuwa nimeshika jibu mkononi mwangu. Nikalikunja, nikaliweka chini ya godoro.

Jambo moja tu lilinitia doa moyoni. Mimba ilikuwa inakua, na mama mkwe hakuisema. Mwezi wa tatu nilimvumilia. Mwezi wa nne nilianza kupita mbele yake kwa ubavu, nikijinyoosha kufikia vitu ambavyo sikuvihitaji, ili nguo ikaze tumboni. Alisema, "Leo nguo yako imepigwa pasi vizuri." Haikuwa imepigwa pasi kabisa. Yeye aliyewatambua wajawazito wa mtaa mzima, mimi niliye mbele yake alinipita. Nikaamua kwamba hakuitaka mimba yangu, na kwamba zile sifa zote alikuwa akinifariji. Iliniuma sana. Nilibeba debe langu la maji hadi mwezi wa tano, kliniki sikukanyaga, na Jumamosi nikang'oa kope nikiwa nimenuna. Kope zenyewe zilikuwa zimekuwa fupi na ngumu, nyingine nilizihisi kwa kidole kabla sijaziona.

Sasa nifike siku ya kizuizi.

Mama mkwe alikuwa na kishamba cha sukuma na kunde ng'ambo ya mji, karibu na mto. Alikwenda kila Jumatano asubuhi. Kufika huko ulipita kizuizi cha jeshi barabarani, gogo limelazwa, askari mmoja au wawili kando yake. Utaratibu ulijulikana hata na watoto: askari akiinua mkono, unasimama hapo ulipo, hata kama una haraka ya namna gani. Akiushusha, unakwenda. Wakati ule hakuna mtu aliyefanya mzaha na mkono wa askari.

Siku hiyo nilikuwa nyuma yake na kiondo. Kwenye kizuizi kulikuwa na askari mgeni, kijana mrefu. Aliinua mkono. Mimi nikasimama. Mama mkwe akaendelea kutembea.

"Simama."

Alidhani anasalimiwa. "Muga," akamjibu kwa Kimeru, kwa adabu zote, akazidi kwenda. Askari akarudi hatua moja, akashusha bunduki begani, nikausikia mlio wa chuma. Nilitupa kiondo. Nilikimbia kama mtu asiye na mimba, nikamkumbatia mama mkwe kwa nyuma, na nikasikia sauti yangu ikipiga kelele:

"Haoni! Afande, huyu haoni!"

Nilikuwa sijui kwamba ninajua. Neno lilitoka lenyewe, na baada ya kulisikia yote yalipita mbele yangu kwa mpigo mmoja: sufuria, vitambaa, jiwe la mume wangu, ule mkono uliotangulizwa kutafuta kigoda.

"Nani haoni?" akauliza mama mkwe kwa hasira, akijipapatua. "Nani huyo haoni?"

Askari alitukaribia. Bunduki ilikuwa imerudi begani, na uso wake ulikuwa umebadilika. Akainua vidole hatua mbili mbele yake.

"Mama, hii vidole ni ngapi?"

"Kwani mama yako hakukufundisha kuhesabu?"

Askari hakucheka, ingawa nilimwona akijizuia. "Mama yangu alikuwa hivi hivi," akaniambia mimi. "Alikuwa anajibu tu. Tukangoja, tukangoja." Kisha akamgeukia yeye. "Mama, mimi nilikuwa karibu kukupiga risasi. Hapa hupiti tena mpaka uone mkono yangu. Enda hospitali leo, si kesho."

"Na kunde zangu?"

"Kunde zitakungoja."

Hiyo ndiyo dawa iliyomwingia. Risasi haikumtisha, lakini kunde zilikuwa zimeiva. Tuligeuka, nikamshika mkono, tukarudi hadi penye maduka. Hapo akaniuliza taratibu, bila kunigeukia, "Zile sufuria zilikuwaje?"

"Chafu, mama."

"Zote?"

"Zote."

Akatembea kidogo. "Nilidhani hali ya hewa imekuwa ya vumbi," akasema.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu pamoja na wagonjwa wengine. Hapo ndipo nilipomjua upya mwanamke huyu. Aliuliza kila mtu anaumwa nini, naye akamhukumu kila mmoja. Mzee mmoja alikuwa na kikohozi cha wiki tatu: "Wewe ulipaswa kuwa hapa zamani. Kikohozi kikipita wiki mbili si cha nyumbani tena." Mama mmoja alikuwa na mtoto aliyeendesha tangu jana na hataki kunyonya: "Mpisheni huyu atangulie, mtoto akikataa titi hangoji foleni." Watu walimpisha. Alikuwa na akili ya mambo haya kuliko wengi niliowahi kukutana nao, na yote hayo alikuwa akiyajua kwa ajili ya watu wengine. Kwake mwenyewe alikuwa na nywele tu.

Daktari alikuwa wa kila kitu, wa matumbo, wa vidonda, wa homa, wa wazazi, kwa sababu mji haukuwa na mwingine. Alimkalisha dirishani, akashika kijiti cha kiberiti, akaupindua ukope juu ya kijiti hicho kwa wepesi ambao niliuonea wivu. Alitazama muda mrefu.

"Ugonjwa wa vikope," akasema. "Nani humng'oa?"

"Mimi."

"Una mkono mzuri." Nikafurahi. "Ndiyo maana amechelewa. Kila ukimtoa, anapata nafuu, anakaa nyumbani. Nywele inarudi fupi, ngumu, inachimba jicho. Ungekuwa na mkono mbaya angekuja hapa mwaka jana."

Machozi yalinitoka palepale. Nilifikiria Jumamosi zangu, na lile neno "afadhali" nililokuwa nikilibeba wiki nzima. Daktari hakuwa amenilaumu. Alisema tu jinsi mambo yalivyo, akanipa kitambaa, akaendelea. Jicho la kushoto lilikuwa limeshapata kovu na halingerudi lote. La kulia lilikuwa limechubuka, lakini bado lingeokoka akizigeuza kope zitazame nje na kuzishona hivyo.

"Unashona nywele?" akauliza mama mkwe.

"Nashona ukope, mama. Nywele zitafuata."

"Na kwa nini hakuna aliyeniambia kwamba daktari anashona?"

"Kwa sababu hukuuliza. Siku nywele ya kwanza inapogusa jicho, hiyo ndiyo siku ya kuja. Ukiona giza, umeshachelewa."

Mama mkwe alilitafakari hilo. "Basi ile ya kinyozi naifuta," akaniambia, na daktari hakuelewa kwa nini tunacheka.

Alifanyiwa upasuaji siku ya pili yake. Dresa, yule mhudumu wa vidonda, alitaka kumshika kichwa, naye akakataa. Akasema kichwa chake kimezoea magoti ya mtu mmoja. Daktari aliinua mabega, akaniletea kiti. Basi nikakaa, kichwa kile kizito chenye joto kikiwa magotini pangu, kwa mara ya mwisho kwa kazi ile, na badala ya kikoleo changu ikashuka sindano ya ganzi. Hakujikunja. Alinishika kidole gumba changu na kukibana, basi.

Alirudi nyumbani amefungwa bendeji macho yote mawili. Mimi nilikuwa na siku chache tu. Niliitoa ndoo ya majivu, nikaenda mtoni kutafuta mchanga mwembamba, nikakaa mbele ya uchaga nikasugua. Nilisugua asubuhi, nikasugua mchana, hata mifuniko, hata mkono wa kikaango. Yeye alikuwa kwenye kigoda chake amegeuzia sikio upande wangu.

"Mbona unasugua namna hiyo?" akauliza siku ya tatu. "Si ulisema zote zilikuwa chafu kidogo tu?"

"Sikusema kidogo, mama."

"Aa. Sugua basi."

Rafiki yangu wa maziwa alipita, akasimama, akashika kiuno. "Wewe unajiandaa kwa ajili ya arusi gani?" akauliza. Mama mkwe ndiye aliyemjibu, kutoka ndani ya bendeji: "Ya macho yangu." Nilisugua siku zile kwa furaha ambayo sijawahi kuipata tena katika kazi ya jikoni. Nilikuwa namwandalia mtu aje kunigombeza.

Siku ya kufunguliwa ilikuwa Jumatano. Alikuwa ameshaamua kwamba kutoka hospitali tunakwenda shambani moja kwa moja, kwa hiyo nilibeba kiondo. Dresa alimwingiza ndani, akaniambia ningoje nje kwenye benchi lilelile. Nilingoja. Sikumbuki niliomba nini, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nikiomba.

Alitoka peke yake, bila kushikwa. Kope zilikuwa zimevimba na uzi mweusi ulionekana. Alisimama kizingitini, akatazama miti, akatazama mbuzi aliyekuwa akila karatasi kwenye ua wa hospitali, akamtazama mbuzi huyo kwa muda mrefu kuliko mbuzi anavyostahili. Kisha nikainuka kutoka benchini, naye akanigeukia.

Hakutazama uso wangu. Alitazama chini kidogo ya hapo, na mdomo wake ukafunguka.

"Miezi mingapi?"

"Mitano, mama."

"Na debe la maji umekuwa ukibeba?"

"Nimekuwa nikibeba."

"Na kliniki?"

"Nilikuwa nakungoja useme."

Alinijia, akaweka viganja vyote viwili tumboni mwangu, hapo mbele ya watu wa foleni. "Miezi mitano," akasema. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unanisifu."

Alianza kucheka, akakumbuka zile nyuzi, akashika macho yake kwa vidole ili zisikatike, na bado akacheka, nami nikacheka na kulia pamoja mpaka dresa akatoka kuangalia kuna nini. Mama mkwe alimshika mkono kabla hajauliza. Alimwambia huyu naye aandikiwe kliniki leo, sasa hivi, asiende popote kabla hajaandikwa. Niliandikwa. Mama aliyesimama nyuma yangu alisema ana bahati mtu mwenye mama mkwe kama huyo, na mimi nilikubali kwa moyo wote.

Tulifika kwenye kizuizi jua likiwa limepanda. Askari alikuwa yuleyule mrefu. Alitutambua tukiwa mbali, akainua mkono, na mama mkwe akasimama papo hapo, hatua ishirini nzima kutoka kwenye gogo. Askari akatabasamu. Akakunja vidole viwili, akaacha vitatu.

"Tatu," mama mkwe akamwitia. "Na ukate hizo kucha."

Askari alizitazama kucha zake. Akaushusha mkono na kusogeza gogo, tukapita, na tulipomfikia mama mkwe akasimama tena, akamtazama kijana huyo juu hadi chini kwa jicho lake moja zima na jingine la nusu.

"Sasa mbona umesimama tu?" akamuuliza. "Mpokee huyu kiondo. Huoni ana mimba?"